Intani, wekeni kalamu chini kwanza

Wiki hii nimesoma faili tatu za intani wapya, za wagonjwa wanaopotewa na fahamu. Zote tatu, ukurasa wa kwanza, kabla mgonjwa hajaulizwa hata kama amelala: "kiwewe cha utotoni". Wadogo zangu, mmeanza tena.

1. Anayezimia na kupotewa na saa nzima, hakikisheni kwanza si kifafa.

2. Nadharia si timu za mpira. Pierre Janet, mwanasaikolojia Mfaransa, aliandika 1889 kwamba mshtuko mkubwa huvunja umoja wa fahamu, kipande kikabaki kikijiendesha chenyewe. Mwanasaikolojia Nicholas Spanos, 1994, akasema nafsi nyingi ndani ya mtu mmoja ni uhusika anaofunzwa mtu na matarajio ya jamii, tabibu akiwemo. Mimi nilikuwa shabiki sugu wa Janet.

Akaletwa msichana wa Kisauni na shangazi yake. Alikuwa akipotea: anazinduka jikoni, wali umeungua, hajui nani aliyeuteleka. Nikamuuliza, "Nani alikugusa ulipokuwa mdogo?" Kimya. Wiki ya pili nikarudia. Ya tatu nikasema, "Huyo mwingine anayeteleka, ana jina?" Akafikiri kama mwanafunzi anayemtafutia mwalimu jibu. "Salma." Nilitoka pale natembea kwa maringo! Mwisho wa mwezi walikuwa wanne ndani yake, na shangazi ananitazama kama mganga aliyelipwa mbuzi bure.

Msimamizi wangu, mama wa Lamu, akaomba faili. Hakunikaripia. Alipekua taratibu, akaweka kidole: neno "mwingine" lilianzia kwenye swali langu, si jibu lake. "Pepo huyu umempandisha wewe. Haya, mpunge."

Ilituchukua miezi saba. Nilipoacha kuuliza ndipo aliposimulia siku mamake alipoanguka akafa mbele yake, yeye ana miaka sita, sufuria iko motoni. Kiwewe kilikuwepo. Sicho nilichokuwa nikikichimba.

3. DSM-5 ya 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, inataja kupandwa na pepo, lakini inaacha nje yale ya mila na dini yanayokubalika. Kiti, yaani mtu mwenye pepo, anayepandisha ngomani usiku, kesho yuko soko la Kongowea anauza nyanya na chenji anarudisha sawasawa, mwacheni auze.

4. DES, dodoso la kupima kupotewa na fahamu kwa namna hii, ina maswali 28. Inachuja tu, haitoi utambuzi.

5. Wewe uliyeandika "nafsi ya pili, jina bado": Jumatatu, saa mbili asubuhi, ofisini kwangu. Njoo na faili.