Kuanza kuhariri ramani za barabara ukiwa Tanga

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi kuhariri ramani za mtandaoni, nawe unakaa Ngamiani na una simu ya Android tu. Anzia hapo hapo mtaani kwako. Fungua akaunti ya OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ni bure, kisha pakua StreetComplete, programu ya simu ya kuihariri ramani hiyo. Inakuuliza maswali mepesi ukiwa umesimama mahali penyewe: barabara hii ni ya lami au ya vumbi, inaitwaje. Kompyuta ukiipata baadaye, utachora njia juu ya picha za setilaiti.

Nakusihi sana, usinakili majina kutoka Google Maps. Leseni hairuhusu, na kazi yako itafutwa. Tembea, soma vibao, waulize wenyeji. Ngamiani barabara zinaitwa kwa namba, hivyo ni rahisi kuandika ya 8 mahali pa ya 9, na bodaboda anayeitegemea ramani akahangaika na abiria wake usiku. Mimi nilipoanza niliandika njia ya miguu kuwa barabara ya magari. Mhariri mzoefu akanielekeza kwa upole, nikarekebisha siku ile ile. Ukihariri kwa kompyuta, kila unapohifadhi, andika kwa ufupi ulichobadilisha, ili anayekuja nyuma yako aelewe.