Re: Volubilis: mozaiki zote zimefifia, nilikosea wapi?

Mkuu habari. Unasema ulifika Volubilis, yale magofu ya mji wa Kirumi kule Morocco, saa saba mchana, ukakuta mozaiki (picha za vijiwe sakafuni) zimepauka tofauti na picha, na ile ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, hukuiona kabisa.

Cha kwanza ni saa uliyofika. Sakafu zile ziko palepale zilipojengwa, hazina paa, zinapigwa jua na vumbi. Jua la utosi linaua rangi. Mimi mara ya kwanza niliondoka nimenuna. Mara ya pili nikalala mji wa Moulay Idriss, kilomita 4 hivi kutoka pale, nikaingia asubuhi. Nilianza nyumba yenye mozaiki ya Orpheus, mwanamuziki wa hadithi za Kigiriki: anapiga kinubi, wanyama wamemzunguka, hata tembo yumo. Halafu nikapanda upande wa barabara kuu, kwa yule mwanasarakasi aliyempanda punda kinyumenyume, kikombe mkononi. Huyo nilimchuchumalia dakika kumi nzima!

Ukiona mtu anamwaga maji ili rangi zitokee, usimuige.

Venus usimtafute tena pale. Mozaiki ya safari yake ya majini ilihamishiwa makumbusho ya Kasbah, mjini Tangier, hukohuko Morocco. Kwenye nyumba yake pale Volubilis wamebaki Diana, mungu wa kike wa uwindaji, akioga, na Hylas, kijana wa hadithi za Kigiriki, na mabinti wanaoishi kwenye maji.

Kofia usisahau, kivuli ni cha kubahatisha.