Sinki linashusha maji pole pole? Fungua chini kabla hujamwaga kitu juu

Dadangu weka hicho kikopo chini kwanza. Umesema sinki la bafuni linashusha maji pole pole, mfereji wake unadonda, kuna na kiharufu, na eti jirani kakwambia umwage kostiki soda, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba, na maji ya moto uiache mpaka asubuhi. Mimi niko Lamu, Langoni, na huo usiku mmoja ndio ulionimaliza.

Langu lilianza hivyo hivyo. Unapiga mswaki, unatema, povu linakaa linakutazama. Nikaanza na magadi na siki kama wanavyoonyesha kwenye video, likafoka povu zuuri, nikafurahi, povu likaisha maji yamesimama pale pale. Kumbe siki na magadi vikikutana vinamalizana vyenyewe, kinachobaki ni kama maji ya chumvi tu, na maji ya chumvi Lamu hatuna haja ya kuyatengeneza.

Nikaenda dukani. Yule kijana, Mungu amsamehe mimi bado, akaniapia wallahi kostiki inakula kila kitu, mimina nusu kopo, tia maji ya moto, lala. Hakuniambia kwamba ikigusana na maji inapata moto yenyewe hata bila birika lako, wala hakuuliza kama bomba zangu ni za plastiki. Baba watoto yuko baharini, nikasema leo fundi ni mimi. Asubuhi hata tone halishuki, kostiki imeganda huko ndani kama jiwe. Narudi kulalamika, akanitazama kama mimi ndiye mjinga (sawa, nilikuwa), akasema nilitia kidogo, akaniuzia chupa ya asidi. Asidi juu ya kostiki jamani! Vitu viwili visivyotakiwa hata kupita njia moja. Sinki likanguruma, likatema, moshi, nikatoka mbio lakini tone lishanipata mkononi na mengine kwenye kanga. Ile kanga imeandikwa Subira huvuta heri, asidi ikala neno subira peke yake, wala sitanii, ninayo mpaka leo.

Fundi alipokuja alikataa kugusa mpaka nimwambie nimemwaga nini, na ana haki. Kile kikombe cha chini ya sinki, wao wanakiita trapu, kilikuwa kimepinda kwa moto hakifunguki, ikabidi akikate, na kilichokuwemo kikaruka ukutani. Nyumba zetu hizi ni matumbawe na chokaa, na asidi na chokaa ni paka na samaki, ukuta ukachemka povu mbele ya macho yangu, mengine yakapenya dari mpaka kitanda cha chumba cha chini. Kiungo cha bomba ndani ya ukuta nacho kilishalegea, tukabomoa. Bomba jipya, chokaa, mchanga, vyote mgongoni mwa punda, na mwenye punda hulipwa kwa safari, hajali kama unalia. Shilingi 18,000 na ushee zikaenda.

Na unajua kulikuwa na nini humo kwenye trapu? Kifuniko cha dawa ya meno! Kimekaa kwenye tundu la kutokea maji, kimezungukwa na nywele na masimbi ya hina ya harusi ya binti yangu. Inakula kila kitu, eh? Plastiki haili! Ningemwaga madebe mangapi.

Kwa hiyo FUNGUA CHINI KABLA HUJAMWAGA JUU. Weka ndoo chini ya sinki, vua hiyo trapu kwa mkono, pete zake za plastiki zinalegea ukizungusha kushoto, usilete spana utapasua, na kama zimeshikwa na ule ukoko mweupe wa maji yetu zifunge kitambaa chenye siki kwa muda, hapo ndipo siki ina kazi. Angalia ule mpira mwembamba wa ndani usipotee, mimi wangu mmoja niliuflashi chooni na mikono yangu miwili. Sugua kwa mswaki wa zamani, rudisha, fungulia maji, pitisha karatasi kavu kwenye viungo uone kama inalowa. Dakika kumi, kumi na tano ukiwa na kinyaa. Ukikuta trapu safi basi kizuizi kiko mbele zaidi ukutani, mwite fundi aje na springi, ule waya mrefu wa kuzibulia bomba.

Lakini nimesoma tena ulivyoandika na sielewi kama unauliza au ushamwaga. Kama ushamwaga, usifungue kitu, usiongeze hata blichi, fungua madirisha, watoto wasiingie bafuni, na fundi umwambie mlangoni kabla hajavua viatu.