Zawadi za Kurudi Nazo Mombasa kutoka Istanbul kwa Fedha ya Mwanafunzi

Mwanafunzi anayerudi Mombasa kwa likizo kutoka Uturuki husubiriwa na watu wengi kuliko uwezo wa mfuko wake: wazazi na ndugu, mashangazi na wajomba, majirani, na mwalimu aliyemsomesha madrasa. Kwa kuwa fedha yangu ni ya posho, nimejiwekea kipimo kimoja kabla ya kununua chochote, nacho ni kujiuliza kama kitu hicho kinauzwa Biashara Street au Marikiti, kwenye maduka na soko la Mombasa. Kikiwa kinauzwa huko, nakiacha.

Kipimo hicho hupunguza mambo mengi. Viungo vilivyorundikwa kwa rangi katika Mısır Çarşısı, soko la kale la Eminönü, huvutia macho, lakini kumpelekea mama wa Mombasa mdalasini au bizari ni kumchekesha. Mitandio nayo ichunguzwe kibandiko, kwa sababu si yote inayotundikwa Kapalıçarşı, soko kubwa la kale lililoezekwa, iliyotengenezwa Uturuki. Anayetaka mtandio na ateremke mtaa wa Mahmutpaşa, unaotoka Kapalıçarşı kwenda Eminönü, ambako wenyeji wenyewe hununua nguo na bei haikupangwa kwa ajili ya watalii.

Zawadi ninayoitegemea zaidi ni lokum, peremende laini ya Kituruki. Hupikwa kwa sukari na wanga, kwa hiyo haiyeyuki kwa joto la Mombasa kama chokoleti, nayo hugawanyika kwa watu wengi bila kuonekana haba. Sokoni huuzwa kwa kilo, na muuzaji mwenye maneno matamu hujaza sanduku mpaka juu kabla hujasema neno. Taja uzito unaoutaka mapema, kisha tazama mizani. Hata hivyo, masanduku ya kuwapa majirani mimi huyanunua katika maduka ya mtaani kama BİM, A101 na Şok, ambako bei imeandikwa na hakuna haja ya kubishana. Masanduku kumi ya gramu 250 ni kilo mbili na nusu tu za lokum, na yanatosha nyumba kumi. Yenye pistachio ni ghali zaidi; hayo huwawekea wakwe wa dada yangu, kwa sababu ambazo kila mtu wa pwani anazielewa.

Kwa wazee, kahawa ya Kituruki inafaa kuliko majani ya chai, kwani husagwa laini sana, huchemshwa bila kuchujwa na kunywewa kwa vikombe vidogo, jambo ambalo mzoefu wa kahawa tungu hahitaji kuelezwa. Chai yao hunywewa bila maziwa, na nyumbani kwetu ingekaa kabatini mwaka mzima. Shanga za buluu zenye umbo la jicho ni rahisi na nyepesi, lakini sizipeleki: wazee wengi huziona kuwa hirizi, na zawadi ya kuzua mjadala wa dini sebuleni si zawadi.

Kuhusu mzigo, kolonya ya ndimu, yaani manukato mepesi ya Kituruki, iliyo katika chupa ya zaidi ya mililita 100 iwekwe katika sanduku linalopimwa, maana haitaruhusiwa mkononi. Tumia mifuko ya kitambaa, kwa sababu Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi wa Agosti 2017, na ile ya maduka ya uwanja wa ndege hutakiwa kuachwa unapoingia nchini. Vitu visivyoharibika ni vyema kuvinunua kidogo kidogo mapema, kwa kuwa bei za lira zimekuwa zikipanda, ilhali vya kuliwa visubiri wiki ya mwisho.

Nikifika, humkabidhi mama sehemu kubwa aigawe mwenyewe, kwani yeye ndiye anayejua ni nani aliyekuja kumtazama alipougua na ni nani aliyepeleka sahani ya futari, nami huepukana na lawama za kumsahau mtu.