Pikapu yangu inakula mafuta: maswali yenu na majibu

Maswali yaliyojaa mezani safari hii ni ya wenye pikapu na SUV za zamani, zile zilizokwisha kupita mikono miwili mitatu na bado zinapiga kazi. Kilio ni kimoja: mafuta. Niseme mapema kwamba gari la tani mbili lenye uso mpana halitafikia ulaji wa gari dogo, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini gari lenye miaka ishirini mara nyingi linakula kuliko lilivyokuwa likila lilipotoka kiwandani, na ile ziada ndiyo tunayoweza kuirudisha. Ziada hiyo hupanda taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka mwenyewe anazoea na kudhani ndivyo gari lilivyo.

Fundi, nitajuaje kama gari langu linakula kupita kiasi? Naona tu mshale wa tanki unashuka haraka.

Mshale usiuamini. Kwenye magari mengi ya zamani unakaa juu muda mrefu kisha unaanguka ghafla, na hilo halikwambii kitu.

Pima kwa kujaza. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata kidogo baada ya hapo, kisha andika kilomita. Endesha kama siku zote mpaka utumie zaidi ya nusu tanki. Rudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena mpaka ijikate. Chukua lita zilizoingia, gawa kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Ikiwa zimeingia lita 54 kwa kilomita 400, gari linakula lita 13.5 kwa kila kilomita 100, yaani lita moja inakupeleka kilomita 7.4. Rudia mara kadhaa kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa ujazo mmoja unaweza kupotosha kwa sababu tu gari liliegeshwa mahali palipoinama.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Kama umefunga matairi makubwa kuliko ya asili, mita yako ya kilomita inasoma pungufu. Tuseme gari lilikuja na 265/70R16, wewe ukaweka 285/75R16. Kimo cha tairi la kwanza ni kama milimita 777, la pili 834. Tofauti ni asilimia 7. Mita ikionyesha kilomita 400, kwa kweli umetembea karibu 429, na zile lita 13.5 ulizokokotoa ni 12.6. Kwa hiyo sehemu ya hasara unayoilalamikia ipo kwenye hesabu tu. Sehemu nyingine ni ya kweli: tairi kubwa ni zito, linasuguana zaidi na barabara, na linaifanya injini ihangaike kila unapoondoka. Kama njia zako ni za lami, rudisha saizi ya kiwandani.

Nina SUV ya petroli ya injekta. Fundi amebadilisha plagi na chujio la hewa lakini ulaji uko palepale. Ekzosi inanuka petroli na ndani yake kuna masizi meusi. Taa ya injini haijawaka.

Nakushukuru kwa kutaja harufu na masizi, maana ndiyo yanayotuonyesha njia. Injini yako inapewa petroli nyingi kuliko hewa inayoweza kuiunguza. Uwiano unaotakiwa ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na kompyuta ya gari ndiyo inayoulinda kwa kusikiliza sensa zake, yaani vile vifaa vidogo vya kupimia. Sensa ikisema uongo, kompyuta inamwaga petroli kwa nia njema kabisa. Chujio la hewa nisingelishuku. Kwenye injini ya injekta, chujio likiziba kompyuta hupunguza na petroli pia, hivyo unachopoteza ni nguvu kuliko mafuta. Kwenye kabureta, ule mfumo wa zamani unaochanganya hewa na petroli bila kompyuta, ndiko chujio chafu kinakokula mafuta.

Anza na thamostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90. Ikikwama wazi, injini haifikii joto lake hasa barabarani, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Unaweza kuipima mwenyewe. Washa injini ikiwa baridi kabisa, gusa mpira wa juu wa rejeta, ukiweka mikono na nguo mbali na feni na mikanda. Thamostati nzima huuacha mpira huo ukiwa baridi kwa dakika kadhaa, kisha unapata moto kwa mkupuo. Ukianza kupata uvuguvugu mapema na kupanda kidogo kidogo, thamostati imekwama au haimo kabisa. Na mara nyingi haimo kweli, kwa sababu kuna mafundi wanaoing'oa ili injini isichemke. Sikubaliani nao hata kidogo. Injini inayochemka ina ugonjwa wake, na kuing'oa thamostati kunauficha tu huku ukilipia kila unapojaza tanki.

Pili ni sensa ya joto inayoiarifu kompyuta. Kwenye magari mengi hiyo si ile inayoendesha mshale wa dashibodi, kwa hiyo mshale unaweza kukaa sawasawa na kompyuta ikawa inadanganywa.

Tatu ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Injini ikiwa na moto, volti zake zinatakiwa kuruka juu na chini bila kutulia, kati ya takriban 0.1 na 0.9. Ikizeeka inakuwa nzito, inaruka polepole, na taa ya injini inaweza isiwake kwa muda mrefu. Mwombe fundi aitazame ikifanya kazi. Kusoma tu namba za hitilafu kwenye kompyuta hakutoshi.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho hakihitaji kifaa. Tafuta kidhibiti cha presha ya petroli kwenye reli ya injekta, kama gari lako lina cha aina hiyo, uchomoe kile kimpira chembamba kinachokwenda kwenye manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Ndani yake panatakiwa kuwa pakavu. Ukikuta petroli au harufu kali ya petroli, utando wa kidhibiti umepasuka na injini inafyonza petroli mbichi kupitia hapo. Badilisha upesi, maana hapo kuna hatari ya moto pia.

Pikapu yangu ya dizeli inatoa moshi mweusi nikipanda mlima na mzigo. Nimeambiwa pampu imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

Inawezekana, lakini pampu ya kusukuma dizeli ndiyo ya mwisho kushukiwa, nayo ndiyo ghali kuliko vyote. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha au isiyopulizwa vizuri. Kila unachokiona kikitoka pale nyuma umekinunua.

Nenda na hewa kwanza. Dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika haziulizi hewa ni kiasi gani. Zinatoa mafuta kadiri ya mguu wako. Kwa hiyo huku chujio la hewa lina uzito mkubwa, tofauti na nilivyomjibu mwenzako wa petroli. Kama kuna turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, kagua mipira yote kutoka turbo hadi injini. Mpira uliochanika chini, mahali usipopaona, au klipu iliyolegea, unavujisha hewa pale tu turbo inapoanza kusukuma, yaani kwenye mlima na mzigo. Mara nyingi utasikia mluzi au mvumo usiokuwapo zamani, na utaona mafuta ya injini yametapakaa kuzunguka ufa. Valvu inayorudisha moshi kwenye injini nayo ikikwama wazi inanyima injini hewa safi. Ifunguliwe isafishwe.

Hewa ikiwa sawa, ng'oa nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na usimame hapo uone kwa macho yako. Nozeli nzima hutoa ukungu laini unaokata ghafla. Mbovu hutoa uzi wa mafuta, au inabakiza tone linaloning'inia kwenye ncha baada ya kupuliza. Tone hilo linaungua vibaya, na likiachwa muda mrefu linaweza kutoboa pistoni. Fundi aangalie pia kila nozeli inafunguka kwa presha gani, alinganishe na kipimo cha injini hiyo.

Baada ya hayo ndipo tuitazame pampu, na hata hapo uliza kwanza kama skrubu ya kiasi cha mafuta ilishawahi kuzungushwa. Wengi huikaza ili gari lipate nguvu, na moshi unaanza siku hiyohiyo.

Ukiona moshi wa buluu, hiyo ni oili inaungua. Ni habari nyingine kabisa.

Je, nikiuteremsha mlango wa nyuma wa bodi upepo ukapita, nitaokoa mafuta?

Hapana, uache umefungwa. Ukiwa umefungwa, hewa iliyomo ndani ya bodi inazunguka palepale na upepo wa juu unateleza juu yake. Ukiuteremsha unaivuruga hali hiyo. Kifuniko cha bodi kinasaidia kidogo.

Kilicho muhimu zaidi kiko juu ya paa. Sanduku la mizigo juu ya paa linaweza kula asilimia 10 hadi 25 ya mafuta yako kwenye barabara kuu ukiwa kasi, na hata keria tupu inakwaruza upepo safari nzima. Kama huitumii wiki hii, ifungue.

Kwenye mteremko natia nyutro ili injini ipumzike. Mke wangu hapendi. Nani yuko sahihi?

Mkeo. Kwenye injini ya injekta, ukiacha gia na kuinua mguu, kompyuta hukata petroli kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro, inabidi itoe petroli ili injini isizime. Kwa hiyo unapoteza mafuta, na juu ya hayo unaiachia breki peke yake kazi ya kulizuia gari zito. Hata kwenye kabureta, ambako hakuna kukata, usifanye hivyo.

SUV yangu ni ya otomatiki. Mjini si mbaya, lakini safari ndefu inakula kuliko nilivyotarajia.

Kabla ya kufungua chochote, tazama dashibodi. Kuna taa imeandikwa O/D OFF? Ikiwa inawaka, gia ya juu imezimwa. Kitufe chake kiko kwenye mkono wa gia, na kidole hukigusa bila mtu kujua. Wapo wanaoendesha hivyo miezi mingi.

Kama haiwaki, jaribu hivi: gari likiwa na moto, barabara tambarare, shika kasi moja katika gia ya juu bila kubadilisha mguu. Baada ya kupanda gia zote, mshale wa mizunguko ya injini unatakiwa kushuka mara moja zaidi, kidogo tu, kama mizunguko 200 au 300. Hapo giaboksi imejifunga moja kwa moja na injini. Usipoona mshuko huo, giaboksi inateleza muda wote na mafuta yanaishia kuwa joto. Angalia oili ya giaboksi, halafu umwone fundi wa otomatiki.

Halafu kuna mwendo wenyewe. Upinzani wa hewa kwa kilomita 110 kwa saa ni karibu mara moja na nusu ya ule wa 90, na gari la umbo lako linausikia kuliko gari lolote la chini. Ukishuka hadi 90 safari moja, ukapima kwa kujaza, utaona mwenyewe.

Gari langu likiachiwa kwenye tambarare linasimama upesi, halitiririki kama zamani. Inahusiana na mafuta?

Inahusiana sana, na napenda swali hili kwa sababu wachache hulichunguza. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi, ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa cha tairi lenyewe, haijui gari lako.

Kisha pima breki. Endesha kilomita chache huku ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikitoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake haiachii. Kwenye magari ya umri huu kosa mara nyingi liko kwenye pini za kalipa (kile kinachobana pedi za breki) zilizoshika kutu, au kebo ya handibreki. Pandisha jeki uzungushe gurudumu kwa mkono, utalisikia likikwaruza.

Kama ni gari ambalo unachagua mwenyewe lini livute kwa magurudumu manne, hakikisha hukuliacha kwenye manne juu ya lami, na habu za mbele (vitovu vya magurudumu) za kufunga kwa mkono ziko huru. Yale yenye difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yanavuta manne muda wote, hayo yameumbwa hivyo. Ila difu hiyo isiwe imefungwa.

Nimeuziwa sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, eti itapunguza ulaji. Na petroli ya okteni ya juu je?

Rudisha hiyo sumaku kama wanakubali. Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya aina hii, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote, nayo ndogo. Mitambo ya kutengeneza gesi kutoka kwenye maji nayo inaendeshwa na umeme wa altaneta, ile jenereta ya gari, na altaneta inazungushwa na injini ileile inayokula mafuta.

Okteni ni kipimo cha petroli kustahimili bila kujilipukia kabla ya wakati, na ya juu haina faida kwa injini isiyoihitaji. Fungua kitabu cha gari au tazama ndani ya kifuniko cha tanki: kama haijaandikwa kwamba lazima, weka ya kawaida, na fedha iliyobaki nunua thamostati.