Kwa mafundi wapya wa UPS: kabla hujagusa breka ya baipasi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya umeme hapa Dodoma, ninaandika kwa sababu nimechoka kuona makosa yale yale yakirudiwa na mikono mipya. Majengo yanazidi kuota Mtumba, kwenye mji wa Serikali, vyumba vya seva navyo vinaongezeka, na kila mwaka tunapokea vijana wenye akili njema ambao, wakiona taa ya kijani kwenye UPS, mashine inayoshikilia umeme kwa betri TANESCO inapokatika, huandika "iko sawa" na kufunga mlango. Taa hiyo inakuambia kwamba mzigo, yaani vifaa vilivyochomekwa, unapata umeme kwa sasa. Umeme ukikatika, kitakachojibu ni betri, na betri hujazipima.

1. Ijue mashine iliyo mbele yako. UPS ndogo ya chini ya meza hupitisha umeme wa TANESCO moja kwa moja hadi kwenye kompyuta; umeme ukikatika, rilei, yaani swichi ya ndani, huhamishia mzigo kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumika, ndani ya milisekunde chache, na kapasita za pawa saplai ya kompyuta huvumilia pengo hilo. Ile kubwa ya chumba cha seva haina pengo hilo. Rektifaya yake hugeuza AC, umeme wa ukutani, kuwa DC, umeme wa aina ya betri, inveta huirudisha kuwa AC ya volti 230 na hezi 50, na betri zimeungwa kwenye DC hiyo ya katikati muda wote, kwa hiyo TANESCO ikiondoka inveta huendelea kufanya kazi ileile kwa kuvuta kutoka kwenye betri.

2. Soma wati, usiishie kwenye VA (volti mara ampea), na usichomeke printa ya leza kwenye UPS.

3. Baipasi. Hapa naomba mnivumilie, kwa maana ndipo panaponiuma.

UPS kubwa huwa na njia mbili za kuikwepa inveta. Ya kwanza ni swichi ya kielektroniki iliyo ndani, inayoupokea mzigo yenyewe pale inveta inapozidiwa au kuharibika. Ya pili ni breka ya matengenezo, ambayo fundi huiwasha kwa mkono ili afanye kazi ndani ya mashine huku seva zikiendelea. Utaratibu wake haugeuzwi: kwanza unaiagiza UPS kwenye paneli ihamie baipasi ya ndani, unasubiri paneli ithibitishe kwamba imehama, ndipo unawasha breka ya matengenezo, na mwisho unazima breka ya kutolea umeme wa UPS.

Katika taasisi moja tulikwenda kubadilisha feni. Mimi nilikuwa upande wa kabati la betri nikipima, na kijana mmoja hodari, mwenye mikono mizuri kuliko wengi wa rika lake, alikuwa kwenye breka. Wenye ofisi walikuwa wamesimama mlangoni wakiuliza tutamaliza saa ngapi. Aliwasha breka ya matengenezo wakati inveta bado imebeba mzigo. Umeme wa inveta na umeme wa TANESCO ukakutana kwenye waya mmoja. Na hata kama inveta hujitahidi kwenda sambamba na umeme wa nje, tofauti ndogo tu ya volti au ya mwendo wa mawimbi hutosha kusukuma mkondo mkubwa usio na kitu cha kuuzuia. Transista za inveta zilipasuka kwa mlio mmoja, breka ya juu inayoleta umeme ikajikata, na chumba kizima kikazimika. Feni za seva zilichukua muda kusimama, na katika muda huo wote kijana yule hakuondoa mkono kwenye breka.

Tulipofungua kava nikaona jambo ambalo mpaka leo linanikasirisha. Breka ile ilikuwa na kontakti ya pembeni, ambayo kazi yake ni kuiambia UPS iutoe mzigo kwenye inveta mara tu breka inapoguswa. Waya zake mbili zilikuwa zimekunjwa, zimefungwa tepu na kufunikwa na vumbi jekundu. Aliyefunga mitambo hakuwahi kuziunganisha, na breka zenyewe hazikuwa na lebo. Kwa hiyo simlaumu kijana peke yake. Ninachowataka ninyi ni kuzitafuta waya hizo kabla ya kazi, kuandika lebo kwa maandishi makubwa, na kufanya kazi hii wawili wawili: mmoja asome hatua kwa sauti, mwingine airudie kabla ya kugusa. Mwenye ofisi anayeharakisha asubiri nje.

4. Betri. Betri zilizozibwa za risasi na asidi hutengenezwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza umri wake kwa takriban nusu, kwa hiyo kiyoyozi kikifa mwezi wa Novemba hapa kwetu, betri zinakufa nacho. Betri ya volti 12 itasoma 13.6 ikiwa kwenye chaja hata kama imechoka kabisa. Ipime ikiwa imebeba mzigo. Kwa kuwa zimeungwa kwa mfululizo, moja mbovu huangusha safu nzima, na kuchomeka moja mpya katikati ya zilizozeeka ni kuiua ile mpya. Vumbi la kiangazi nalo huziba vichujio vya feni, visafisheni.

5. Jenereta. Ikiwa ndogo kuliko mzigo, hezi zake huyumba, UPS huukataa umeme wake na kuendelea kula betri huku jenereta inanguruma nje na kila mtu akidhani mambo ni salama. Ombeni kibali kwa mwenye jengo, zimeni breka kuu mchana mkiwa mmejiandaa, kisha simameni mbele ya paneli mpaka muone kwamba UPS imeukubali umeme wa jenereta na betri zimeanza kuchajiwa.