Ua la malenge, kabla jua halijapanda

Mmeuliza wiki hii: ni ua gani linalojiotea ambalo umewahi kulipika, na ungemshauri mwingine alijaribu? Langu ni la malenge. Nyuma ya nyumba tunayopanga Dagoretti, Nairobi, kuna shimo la maganda ya jikoni. Mvua za Machi zikianza, mbegu tulizotupa huchipuka zenyewe, na kufikia Mei matawi yameshatambaa hadi juu ya mabati.

Wengi hapa jijini huchuma majani tu, seveve, wakayaacha maua yanyauke, na mimi huniuma. Wanaogopa kukosa malenge, lakini si kila ua huzaa. La kiume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. La kike tayari lina kitunda kama gololi chini yake. Nachuma ya kiume, nikibakiza mawili matatu, maana nyuki wasipopeleka chavua kwa la kike, kile kitunda hugeuka manjano na kuanguka.

Ua hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshajifunga. Kwa hiyo natoka mapema, watoto wakiwa bado wamelala. Nalitikisa kwanza, kwani nyuki hujificha ndani. Natoa kile kijiti cha chavua, nasuuza upesi, nachovya kwenye rojo ya unga wa dengu, chumvi, binzari na dania, kisha kwenye mafuta moto. Dakika mbili zinatosha. Nje linakauka na kuvunjika kama karatasi, ndani laini, lenye utamu wa mbali. Mafuta yakiwa haba, nayaponda maua pamoja na mukimo, yaani viazi na mahindi ya kupondwa.

Nashauri, ndiyo, ila usile ua usilolijua. Nyumba nyingi za Nairobi zimezungushiwa mti wenye maua makubwa kama tarumbeta, yanayoning'inia yakitazama chini. Hayo ni sumu. Huvuruga akili na mapigo ya moyo. Wanangu niliwafundisha hilo kabla ya kuwafundisha kukaanga. Sichumi pia kando ya Mto Nairobi wala barabarani. Na waridi la dukani lisikaribie keki yako: limepuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa chakula.

Mama mboga wetu nilimwonjesha mawili mwaka jana. Siku hizi akileta seveve kutoka Kikuyu, hunifungia maua juu ya fungu, yakiwa yamefunikwa kwa jani la mgomba.